Mabenchi Mawili na Vizibo vya Chupa

Mkuu mpya wa kituo amenitaka niwaandikie, ninyi vijana mnaochukua chaki yangu, jinsi kazi hii inavyofanywa. "Kurasa chache tu, Mama Béa," aliniambia, "na bila kukasirika." Kuhusu kurasa, nitajaribu.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Béatrice, na nimemaliza maisha yangu ya kazi katika kituo cha mafunzo cha chama cha wafanyakazi, hapa Kamalondo, mjini Lubumbashi, nyuma ya safu ya mafundi cherehani. Kwenye ratiba somo langu liliandikwa "Mawazo ya kisiasa na mifumo ya uchumi". Mtaani liliitwa "cours ya socialisme", yaani somo la ujamaa, na mimi nikaitwa Mama Socialisme hata na watu wasiojua maana ya neno hilo. Watu hao ni wengi, na baadhi yao nimewafundisha mwenyewe.

Siku ya kwanza nilishuka kutoka chuo kikuu cha Kasapa na diploma yangu mpya na mfuko wa vitabu uliokuwa ukinikata bega. Aliyenipokea ni Papa Hippolyte, mkufunzi wa zamani, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka Katanga ya kaskazini. Alikuwa mtu wa kanisa hasa. Alianza kila somo kwa ishara ya msalaba, kisha bila kupumua akaingia kwenye mapambano ya matabaka. Nilimuuliza kama haoni mgongano hapo. Akasema Mungu anajua ratiba. Basi siku hiyo akaniachia darasa, nami nikafundisha nguvu kazi, thamani ya ziada, njia kuu za uzalishaji, yote kwa Kifaransa cha chuo kikuu. Madereva na wapishi walinisikiliza kwa heshima kubwa, na wawili wakalala. Baadaye Papa Hippolyte alinishika mkono.

"Mama, ile maneno yako iko munene sana. Haipite mu mulango. Uiache inje, tutaitafuta nyuma ya cours."

Akanipeleka kwa fundi cherehani wa jirani na kumwomba anieleze vitu alivyo navyo pale kibandani.

"Machine iko ya muyomba wangu," fundi akasema, akimaanisha mjomba wake. "Nyumba iko ya muntu mwingine, bitambaa biko bya baclients. Ya kwangu iko paka hii mikono."

"Paka" kwetu ni "tu": mikono tu. Nikafurahi. Nikaona hapo kuna somo zima, tena limejieleza lenyewe. Nikamuuliza kama anaona ni haki, yeye ashone na mjomba ale.

"Iko sawa!" akajibu. "Muyomba eko muntu muzuri. Na miye siku moja nitakuwa na bamachines mingi, nitatia humu batoto ba dada yangu."

Papa Hippolyte alicheka njia nzima ya kurudi. Mimi sikucheka. Nilikuwa kijana, nilidhani yule fundi ni mmoja tu.

Sasa vifaa, maana najua hakuna atakayewaonyesha. Ubao wetu haujawahi kuona rangi ya dukani. Unapondaponda weusi wa betri kuukuu, unaukanda na majani ya viazi vitamu, unapaka mara mbili na kuacha ukauke kivulini. Chaki msiiweke kabatini wakati wa mvua, itakuwa uji. Na la muhimu zaidi ni yale mabenchi mawili marefu yanayotazamana, moja la dirishani na moja la ukutani, pamoja na mfuko wa kitambaa wenye vizibo vya chupa. Huo ni uvumbuzi wa Papa Hippolyte. Baa za Kamalondo zilitupa vizibo bure, vya soda na vya bia, na kwa kupapasa kidoleni havitofautiani. Kila Jumamosi mchana mtu anaingiza mkono na kuvuta. Kizibo cha soda, unakaa dirishani na kutetea mali ya wote. Kizibo cha bia, unakaa ukutani na kutetea mali ya mtu binafsi. Unachoamini nyumbani kwako hakituhusu.

Sheria ilikuwa moja, naye aliisimamia kama amri ya kumi na moja: kizibo ulichovuta, ukitetee kwa moyo wote. Hakuna kukejeli, hakuna kukonyeza macho ili wenzako wajue kwamba unaigiza. "Mutu hawezi kubishana na adui mwenye hamujue," alikuwa akisema. "Ingia mu nyumba yake, kula bukari yake, kisha toka." Bukari ni ugali wetu. Niliipenda sheria ile kuliko kitu chochote katika kazi hii. Nilikuja kuwa hodari wake, na nasema hivyo bila haya.

Lakini mabenchi hayo yamenizeesha. Miaka nenda miaka rudi kosa lilikuwa lilelile. Wanakaa dirishani wazee wa mgodi, wastaafu wa tanuru na wa reli, wamevuta soda, watetee ujamaa. Wanatetea nini? Kampuni ya mgodi! Wanasimama mmoja mmoja na kusimulia gunia la unga la kila mwezi, samaki, nyumba ya matofali, daktari, nguo za mtoto mchanga, na yule mkubwa aliyepita kukagua kama uani mwako mmefagiliwa. Machozi yanawalenga. Ukutani wamekaa akina mama wa soko, wamevuta bia, watetee mtaji. Wao wanasimulia likelemba, jinsi wanavyochanga na kupokezana kwa zamu, jinsi mmoja akifiwa wote wanafunga meza zao na kwenda kilioni, jinsi hakuna anayekuwa mkubwa wa mwenzake. Nilikuwa nasimama katikati nikitamani kuyabeba mabenchi niyabadilishe na watu wake juu. Nimepiga kelele mle ndani mpaka mafundi cherehani wakasimamisha pedali.

Na nyumbani sikupata mapumziko, kwa sababu niliolewa na mmoja wa wazee hao. Monga, mume wangu, alifanya kazi ya tanuru mpaka kampuni ilipoanguka. Ni mtu mpole, mcha Mungu, na katika jambo hili ana kichwa kigumu kama shaba yenyewe.

"Ile socialisme yako, shiye tulishaikala nayo," alinieleza, akimaanisha kwamba wao walishaishi nayo, na sahani ya sombe, majani ya muhogo, mbele yake. "Kampani ilikuwa inatupatia unga, samaki, nyumba, munganga. Sasa unatafuta nini tena?"

"Mais Monga, bale bakubwa, ni nyinyi mulibachagula? Mungeweza kubatosha?"

"Namutosha muntu mwenye kunipatia unga, juu ya nini?"

Yaani amwondoe anayempa unga, kwa nini? Nilimweleza kwamba mwenye mashine hulisha wafanyakazi kama anavyoipa mashine mafuta, na siku mashine haihitajiki tena, mafuta hukatika. Nikamkumbusha kwamba ilikatika. Akasema ilikatika kwa sababu wakubwa wazuri waliondoka. Tulizungumza hivyo kwa ndoa nzima. Watoto wetu walilala wakisikiliza mjadala huo, na hakuna hata mmoja aliyekuja kusoma siasa.

Msifikiri vijana walikuwa afadhali. Walipoanza kuja wachimbaji wadogo, wale wanaochimba kwa sururu na magunia, nilifurahi kusikia kwamba wamejiunga na kooperative. Nikasema, hatimaye.

"Ile coopérative iko ya nani?" niliwauliza.

"Iko ya Président."

"Na bamembre ni banani?"

"Ni shiye."

"Mulimuchagula lini?"

"Hatukumuchagula, Mama. Tulimukuta."

Halafu kuna lile swali la Wachina, mabosi wa migodi ya hapa, ambalo mtaulizwa kila wiki, kwa hiyo jiandaeni. "Mama, kule kwabo parti ni ya communiste. Sasa juu ya nini huku beko bapatron?" Nimelijibu kwa njia nyingi. Nimejibu kwa historia, nimejibu kwa mchoro ubaoni, na siku moja ya joto kali nilijibu kwa kutoka nje na kununua maji. Hakuna jibu lililowaridhisha, na nikiwa mkweli, hakuna lililoniridhisha mimi.

Nilipostaafu, kituo kilinifanyia sherehe ndogo. Hotuba zilikuwa nzuri. Zawadi ilikuwa gunia la unga. Monga alilipokea kwa mikono miwili, akanitazama, na kwa heshima ya wageni hakusema kitu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mkuu wa kituo hakulijua aliponiomba kurasa hizi.

Tunakaa mtaa wa Hewa Bora. Baada ya kustaafu wote wawili, kinachotulisha ni friji la kugandishia. Monga ananunua samaki aina ya tomson kwa katoni, anawagandisha na kuwauza barazani. Wiki chache baada ya sherehe yangu, transfoma ya mtaa iliungua. Ililia mara moja, ikatoa moshi, ikanyamaza. Kampuni ya umeme ilikuja, ikaitazama, ikaenda zake. Kila mtu wa Lubumbashi anajua maana yake: jitafutieni nyingine wenyewe. Samaki wa Monga tuliwagawa kwa majirani kabla hawajaharibika, na barua zetu za kuomba msaada hazikujibiwa.

Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza, barabara nzima tuchange, tununue transfoma, tuchague kamati ya kuitunza. Ya pili, anunue Kaniki peke yake na kutuunganisha. Kaniki ni kijana wa barabara yetu, ana depo ya vinywaji na chumba cha baridi. Na alikuwa mwanafunzi wangu, tena katika wale walionipa raha, maana aliweza kutetea benchi lolote.

Kikao kilifanyika kwa Kaniki, kwenye viti vya Kaniki, tukinywa soda ya Kaniki. Hapo tu nilipaswa kushtuka. Lakini nilikuwa na furaha isiyo na akili. Nilijiambia: hili ndilo nililofundisha maisha yangu yote, na sasa liko hapa, kwenye waya wa mlango wangu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu ya kutetea mchango wa wote tangu asubuhi. Ndipo Kaniki akasimama.

"Mama, tufanye sawa ku cours," akasema kwa adabu. "Tuvute bizibo. Bantu basikie ngambo zote mbili."

Watu wakapiga makofi. Nusu yao walikuwa wamepita katika darasa langu. Mama Odette, jirani yetu anayeuza makaa, akaokota vizibo viwili sakafuni, kimoja cha soda na kimoja cha bia, na kuvitia kwenye kitambaa chake cha kichwa. Kaniki akaniachia nianze. Nikaingiza mkono.

Nikavuta bia.

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema hili si darasa, hii ni barabara yetu. Lakini watu wote walikuwa wakinitazama, na sheria ya Papa Hippolyte imenikaa mwilini. Nikasimama na kutetea transfoma ya Kaniki. Nilisema kwamba mtu mmoja akinunua, fundi anakuja wiki hii, lakini tukichanga, tutamaliza msimu tukitafutana nani hajatoa. Nilisema kwamba ikiharibika, tutajua mlango wa kugonga. Nikawauliza ile iliyoungua ilikuwa ya nani. Ya serikali, yaani yetu sote, sivyo? Basi nani kati yetu aliwahi hata kung'oa majani yaliyoifunika? Wakainamisha vichwa. Nikasema mwenye kitu ndiye anayekilinda, kwa sababu hasara yake inalala naye kitandani. Nilisikia wazi kwamba ninashinda, na sikuweza kuacha. Fundi akishapata mwendo mzuri wa pedali hasimami katikati ya mshono.

Kaniki, kwa upande wake, alitetea mali ya wote kwa kusema kwamba sisi sote ni ndugu katika Kristo, akafuta jasho, akaketi. Alikonyeza macho? Sikumwona. Lakini najua uwezo wake, nilimfundisha mimi, na siyo vile alivyokuwa akitetea darasani.

Tukapiga kura kwa mikono. Mkono wa kwanza kupanda kwa ajili ya Kaniki ulikuwa wa Monga. Nyuma yake ikapanda yote.

"Nilikuwa natetea kizibo!" nilimpigia kelele njiani. "Kizibo, Monga!"

"Eh, mais ulitetea bien," akanisifu, na alikuwa na fahari ya kweli usoni. "Miaka yote hii sijakusikia unasema bien vile. Tena Kaniki atakuwa sawa kampani."

Nilikasirika naye, nikakasirika na Kaniki, nikamkasirikia hata marehemu Papa Hippolyte huko aliko.

Transfoma ilikuja haraka, kama nilivyoahidi. Iliwekwa ndani ya ukuta wa Kaniki. Umeme ukarudi, watu wakanipongeza barabarani, Monga akajaza friji. Kisha likaja lile joto la kabla ya mvua. Chumba cha baridi cha Kaniki kikawa kinavuta umeme wote, naye akawa anashusha mkono wa swichi na kutukata sisi wengine, kwanza saa za mchana, baadaye mchana na jioni, mwishowe mpaka atakapokumbuka. Tomson wa Monga wakaanza kulainika. Akaenda kuongea naye, akiwa amevaa shati lake la kanisani. Alirudi mapema kuliko nilivyotarajia, akakaa barazani bila kuvua viatu.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Alinipokea bien. Alinipa kiti. Anasema, 'Papa, transfo iko ya kwangu. Tena Mama mwenyewe alieleza: mwenye kintu njo anakichungaka.'"

Niliumia, nakiri. Maneno yangu yalikuwa yametoka kwenye benchi la ukutani, yakavuka barabara, yakaja kuozesha samaki wetu. Nilitegemea Monga anilaumu. Hakunilaumu. Alisema tu, polepole, kwamba kampuni isingefanya hivi. Nikaingia ndani kabla sijamjibu, kwa usalama wetu sote.

Kikao cha pili nilikiitisha mimi. Nilikataa viti vya Kaniki. Tulikutana katika darasa la parokia, ambalo lina mabenchi, nikayasukuma mwenyewe mpaka mawili yakatazamana, moja dirishani, moja ukutani. Kaniki hakuja. Watu waliingia wakijipepea, na kila mmoja alikuwa na maoni. Wengi walisema twende tukambembeleze kwa pamoja, pengine na zawadi. Wachache walisema tuchange tununue yetu, lakini walisema wakitazama chini.

Mama Odette akanyoosha mkono. "Mama Béa, uko na bizibo?"

"Siko nabyo," nikamjibu. "Leo hakuna kizibo. Leo muntu aikale fasi yenye anaamini. Ngambo ya dirisha, tunachanga, inakuwa ya shiye bote, tunaichunga shiye bote. Ngambo ya ukuta, tunabakia na Kaniki."

Ninyi vijana, hili ndilo shauri pekee lenye maana katika kurasa hizi. Vizibo ni vya kujifunzia. Mahali ambapo watu watalala na matokeo yake, viacheni nyumbani.

Nikaenda kukaa dirishani. Benchi lilikuwa refu. Waliojazana benchi la ukutani hawakusogea. Nyuso zile nilizifundisha mimi, baadhi mara mbili, na zilikuwa zikitazama dari, zikitazama msalaba ukutani, zikitazama mkono wa jirani. Nilihisi uchovu wa miaka yangu yote, na hasira nayo, maana nilijua kabisa kwamba nikisimama na kuhutubia watanisikiliza, watanisifu, na wataondoka vilevile. Kwa hiyo nikanyamaza. Kwangu hiyo ni kazi nzito kuliko kufundisha.

Monga akakohoa. Alikuwa amesimama mlangoni na harufu ya samaki ikimfuata. Akavuka chumba taratibu, kwa ule mwendo wake wa watu wa tanuru, akafika mbele yangu. Nyuma yake nikasikia benchi la ukutani likilia. Mama Odette alikuwa akiinuka, na mwingine.

"Sogea," akaniambia Monga, ambaye alijua nimeombwa kurasa hizi. "Mais usiandike kama hii iko socialisme. Iko paka juu ya samaki."

Nikasogea. Na nimeandika.